Vitanzi

Maneno yote haya tulikuwa nayo sisi
kabla nesi hajayaleta kwenye trei.
Kijiti twakichomeka mchangani maji yakitoka,
kitanzi nakifunga mara mia tatu kwa siku,
na majira, nani wa kunifundisha majira
mie niliyezaliwa Msuka,
nijuaye bahari itakauka saa ngapi
hata nikiwa jikoni?

Nilianza na hayo majira, vile vidonge.
Nikavificha kwenye kopo la hiliki
kwa kuwa mama mkwe hatii viungo chai, kifua chake.
Mwezi wa Maulidi akaja mgeni, akataka hiliki.
Hakusema neno.
Kopo aliliweka katikati ya jamvi, wazi,
na wiki nzima akaniita binti Shaame,
kama mtu aliyekuja kuomba moto.

Kisha sindano, ya miezi mitatu.
Damu ikawa inadondoka kama bomba bovu,
siku kumi na tisa. Mswala umekunjwa.
Nikamwendea mke wa mwalimu wa chuo:
hii ni hedhi au istihadha?
Akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena.
"Zikizidi kumi na tano, mwanangu, koga usali."
Nikakoga, nikasali, na wasiwasi wangu ubavuni.
Ramadhani ikanikuta na deni la ile iliyopita.

Pwani Zuwena anasema kitanzi hupanda moyoni.
Mkasi anasema kilimchoma bwana wa mtu kule Tumbe,
na anamjua huyo bwana, ila hamtaji.
Bi Time, aliyezaa kumi na mmoja,
anafunga mwani haangalii mtu.
"Mie waliopanda moyoni," akasema,
"ni wale wanne niliowazika."
Tukanyamaza.
Maji yakaanza kurudi, yakatufika vifundoni.

Faki nilimwambia usiku, taa imezimwa;
yapo maneno hayasemeki mtu akikuona mdomo.
Akakaa kimya mpaka nikadhani kalala.
"Hutoka?"
"Hutoka."
"Siku tukitaka?"
"Siku nikitaka," nikasema. Kisha: "Tukitaka."
Asubuhi nikamsikia uani anatia upepo baiskeli.

Wete, nesi Raya alinionesha kwanza:
kijidude cha plastiki, kimezungushiwa shaba,
udogo wake mwiba wa changu,
na nyuzi mbili mkiani.
"Kohoa," akasema. Nikakohoa.
Maumivu yalikuja, yakanikunja, yakapita zake.
Akaandika kwenye kadi tarehe ya kukitoa,
mwaka ambao Khatibu wangu atakuwa ana ndevu.
Nje, Faki kashika mfuko wa mkate wa ajemi,
hajaumega.

Miezi mitatu hedhi ilikuja nzito.
Nilishaambiwa, kwa hiyo sikuogopa,
nililaani tu, na kufua.

Sasa kila nikitoharika nachuchumaa,
kidole kinatafuta uzi
kama ninavyopapasa kamba maji yakiwa na tope.
Upo. Fundo limeshika.
Nikasimama nikajifunga kanga.

Lugha yetu hii ina neno moja
la kamba ya mnyongwa na la mgeni wangu wa shaba.
Sijui nani alilichagua, wala kama aliwahi kuzaa.
Mie navijua vya pwani:
ukikaza sana mwani hukatika,
ukilegeza huondoka na mkondo,
na mkono ndio unaojua, si jina.

Jana Bi Time kanisogelea,
anajifanya ananiazima kisu.
"Eti, humwekea hata mtu wa arobaini na tatu?"
Nikamwambia, bamvu lijalo twende sote Wete.
Akanitazama kama niliyerukwa na akili.
"Maji mafu," akasema.
"Bamvu tuna kazi."